Mkwe Aliyekula Meza ya Pembeni

Lipangalala,
Ifakara.
17 Septemba 1996

Mpendwa mdogo wangu Fulgensi,

Marahaba. Naipokea shikamoo yako kabla hujaitoa, maana najua ungeniamkia kama ungekuwa hapa, na usingeniamkia ningekukumbusha. Hujambo huko Mpika, Zambia? Na mguu je? Uliandika kwamba upepo wa baridi ukivuma unavimba, na kwamba daktari wa reli amekupa dawa ya kuchua. Basi uchue. Nakujua wewe, dawa unaiweka dirishani ukidhani itakuponya kwa kukuangalia.

Sisi huku ni wazima. Mimi kifua kilinibana mwezi wa saba, kikaachia chenyewe. Mkeo Bernadetha hajambo, ila miwani yake imevunjika mkono mmoja, ameifunga uzi na anaivaa hivyo hivyo hata kanisani. Wadogo wanasoma. Mpunga umepatikana wa kutosha. Watu wa Kiberege wanalalamikia panya, lakini Kiberege hawajawahi kukosa cha kulalamikia.

Parokiani wametuletea padre mpya, kijana, mahubiri yake mafupi. Wazee wanamsema kwamba hana la kusema. Mimi nampenda kwa hilo hilo.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Barua yako ya Julai niliisoma, nikamsomea na wifi kwa sababu ya hiyo miwani. Uliandika kwamba binti yako Rosemery haolewi na Msukuma, na kwamba Msukuma hatakanyaga uwanja wako, si kwa posa wala kwa kuomba maji ya kunywa. Sawa. Tumekutii. Hakuukanyaga. Tulikutana naye mkahawani, Dar es Salaam, mahali ambapo uwanja si wako, si wangu, wala si wa mtu yeyote wa ukoo wetu. Usinune bado, soma kwanza.

Wazo hilo lilikuwa la Rosemery mwenyewe. Alisema kama nyumbani ni marufuku, na kwa kina kijana ni aibu sisi kwenda, basi tukutane pasipo pa mtu. Shangazi ni mimi, na mwenye kazi ya kutazama mchumba ni shangazi, hata kama baba amekataa. Huwezi kukataa kitu ambacho hakuna aliyekitazama. Basi nikamchukua wifi, tukapanda treni, na kikapu cha mchele na samaki mkavu wa kitoga, tukaenda.

Binti yako anakaa vizuri. Chumba chake kidogo lakini kimefagiwa, na kule kwenye ofisi ya bima anakofanya kazi wanamheshimu, nilikwenda nikaona kwa macho yangu. Amenenepa kidogo. Ana sauti yako anapokasirika, kwa hiyo sikuweza kumgombeza bila kucheka.

Jumapili tulisali misa ya kwanza, halafu tukazungushwa mjini hadi saa tano. Tumbo likaanza kuongea. Nikauliza kama chai ni siku hiyo au kesho. Rosemery akasema watu wa mjini Jumapili hulala hadi jua liwake, kisha huenda mkahawani kula chai na chakula cha mchana kwa mpigo mmoja. Kwetu mtu anayekunywa chai saa tano ni mgonjwa au ni mvivu. Nilivyowaona pale hawakuwa wagonjwa.

Mkahawa wenyewe ni mzuri, sikatai. Vimeza vidogo vidogo vya duara, kila kimoja na viti viwili vitatu, na mashine kubwa ya kahawa inayopiga mluzi na kutoa mvuke. Kila ilipopiga, wifi alikamata mkoba wake. Ngusa, huyo kijana mchumba, ni fundi wa majokofu na mashine, na hiyo ya pale ikigoma anaitwa yeye. Ndiyo maana walituwekea nafasi. Kahawa nayo ina ukoo. Binti aliyevaa aproni alikuja akaniuliza nataka ya Mbinga, ya Kilimanjaro au ya Kigoma. Nikamwambia nataka ya moto. Ikaletwa ndani ya kikombe kinachotosha kumpimia mtoto dawa, chungu kweli, na povu juu. Watu wa meza ya jirani walikuwa wanainusa kwanza, wanafumba macho, kisha wanazungumza habari zake kana kwamba ni mtu wanayemfahamu. Nilitia sukari nikakoroga. Mmoja wao akaniangalia kwa huruma.

Mkeo alikuwa amejiandaa. Hilo lazima nikuandikie. Alivaa kitenge kile cha Pasaka, akasuka nywele kwa jirani wa Rosemery, na asubuhi nzima alikuwa akirudia maneno ya kumwambia huyo kijana. Alitaka kumuuliza kwao ni nani na nani, kama anakunywa pombe, kama ataruhusu watoto wabatizwe. Wifi si mtu wa maneno, unamjua. Kwake yalikuwa mengi.

Ngusa akaingia. Kijana mrefu, mweusi, shati limepigwa pasi hadi likasimama. Rosemery akamwonyesha meza yetu. Akaja hatua kadhaa, akatuona, akasimama ghafla. Akainama chini, magoti karibu yaguse sakafu, macho yakitazama viatu vyake, akatoa shikamoo kutoka pale pale mbali. Wifi alikuwa amenyoosha mkono. Kijana hakuupokea. Aligeuka, akaenda kukaa meza ya pembeni karibu na mlango, peke yake, na mgongo akatupa sisi.

Mkono wa wifi ulibaki hewani. Akauangalia, akaurudisha kwenye mkoba.

Yule binti wa aproni akadhani kijana amepotea meza. Akamvutia kiti kwetu, akamwita. Ngusa akakataa kwa kichwa. Binti akaleta sahani ya Ngusa ya mayai na viazi akaiweka mezani kwetu, kijana akaomba ipelekwe kwake. Ikapelekwa. Binti mwingine, ambaye hakuona ya kwanza, akairudisha. Sahani ile ilitembea kuliko mimi siku hiyo. Watu wakaanza kugeuka. Hata wale wanusaji kahawa waliacha kunusa.

Rosemery akamfuata pale pembeni, wakanong'ona. Akarudi uso umembadilika. Akasema, "Mama, anasema hawezi kula na wewe."

"Hawezi?"

"Amesema hivyo tu. Ameniambia, siwezi kula na mama, Rosa, usinilazimishe."

Fulgensi, wewe umezaliwa huku, sina haja ya kukufafanulia. Kwetu mtu akikataa kula na wewe mbele za watu amekuita mchawi bila kufungua mdomo. Wifi akaniuliza kwa Kindamba, taratibu, ni nani amekwenda kumsema kwa wale watu. Akauliza kama kuna mtoto aliyekufa jirani wakamsingizia yeye. Akaishika miwani, uzi ukamkatikia, na miwani ikamwangukia kwenye sahani. Nilikuwa nimekwenda pale kutazama tu, kama mtu anayekwenda mnadani bila nia ya kununua. Lakini pale nilikasirika. Nikasema moyoni, mdogo wangu alikuwa na haki, hawa si watu wa kuoana nao. Nikachukua kikapu. Wifi akasimama. Rosemery akaanza kulia bila sauti, uso ameuelekeza kwenye kikombe.

Hapo ndipo alipoingia Mzee Mashimba, baba yake Ngusa. Unamjua kwa ng'ombe wake wa kule Mchombe, kwa sura nadhani hujawahi kumwona. Alifikia kwa ndugu zake nje ya mji na alichelewa njiani. Hata mlangoni alicheleweshwa, maana mlinzi alitaka fimbo ibaki nje, na mzee akamwambia kwamba yeye na fimbo yake hawajawahi kulala nyumba mbalimbali. Basi akaingia nayo. Akamwona mwanawe ametupa mgongo, akatuona sisi tumesimama na kikapu, na mtoto analia.

"Mwangaluka," akatusalimia kwa Kisukuma. Sikumwitikia. Nikamwambia tunaondoka, na mwanawe amemtukana mama wa watu.

"Amemtukana vipi?"

"Amekataa kula naye."

Mzee akamtazama Ngusa, akatutazama sisi. Akacheka. Nusura nimpige na kikapu. Lakini hakikuwa kicheko cha dharau, kilikuwa cha mtu aliyepata habari njema asiyoitegemea. Akasema, "Mayu," ndivyo wanavyomwita mama, "kaa kwanza. Kwetu sisi mkwe hali mbele ya mama mkwe. Hampi mkono, hamtazami usoni, hakai naye meza moja. Mama mkwe hatakiwi hata kumwona akitafuna. Akifanya hivyo amemvua nguo."

Wifi akasema, "Lakini huyu si mkwe. Posa yenyewe haijapokelewa."

"Mimi najua hivyo. Wewe unajua hivyo. Mwulize yeye kwa nini hajui."

Nikamtazama yule kijana. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho na hakuwa amegusa chakula. Wewe umemkataa, posa haina pa kwenda, kesho anaweza kuambiwa asionekane tena, na yeye alikuwa ameshamheshimu mama wa mwenzake kama mtu aliyeoa miaka. Na hakuweza kujitetea, maana kumwelezea mama mkwe ana kwa ana nako kungekuwa kumkosea adabu. Kosa lake ni kudhani kwamba kila mtu duniani ameelewa. Kosa letu lilikuwa hilo hilo.

Mkeo alifanya kitu ambacho nimekifikiria tangu hapo. Alifuta miwani, akakamata kiti chake, akakiburuta. Kiliunguruma sakafuni hadi mwenye mkahawa akatokeza kichwa. Wifi akakivuta hadi karibu na ile meza ya pembeni, akakigeuza, akakaa mgongo wake ukielekea mgongo wa Ngusa, kiasi kwamba ungeweza kupitisha kiganja kati yao. Akaitisha sahani yake. Kisha akasema huku anatazama ukutani, "Rosemery, mwambie mwenzio ale, mayai yanapoa."

Rosemery akamwambia, ingawa kijana alikuwa amesikia. Ngusa akajibu naye akitazama mlango, "Mwambie mama nashukuru."

Wakala. Maswali yote aliyoyaandaa wifi yakaulizwa namna hiyo, yeye akiuambia ukuta, Rosemery akipeleka, na majibu yakirudi. Pombe hanywi, ila kwenye sikukuu. Watoto watabatizwa, yeye mwenyewe alibatizwa Shinyanga akiwa mdogo. Hilo la kwao ni nani na nani lilichukua muda, maana Wasukuma wana ndugu wengi kuliko nafasi ya barua. Watu wa mjini walikuwa wakitazama kama wanaoangalia mpira. Nami nilikunywa ile kahawa hadi mwisho. Si mbaya ukiizoea, lakini sioni kwa nini mtu aizoee.

Mzee Mashimba akakaa na mimi. Nikaona nisizunguke. Nikamwambia kwamba mpunga wa marehemu mama, shamba la Kiberege, uliliwa na ng'ombe, na kwamba wewe hujasamehe.

Hakuruka. Alisema, "Ng'ombe wangu wamekula mpunga wa watu. Mwingine nimelipa, mwingine sikujua ni wa nani. Huo wa mama yenu sijui, mama. Kama ningejua si ng'ombe wangu ningeapa hapa hapa. Ng'ombe hasomi mpaka, na mchungaji akisinzia naye hasomi." Nilimpenda kwa kutoapa. Wengi wangeapa.

Nami niseme yangu, kwa kuwa nimeanza. Wewe una hasira ya mpunga, lakini mpunga si mzigo wote. Mama alikufa msimu ule ule na hukuwahi mazishi, kwa kuwa treni ilikwama. Tangu hapo umeunganisha mambo mawili ambayo hayakuwa pamoja. Mama hakufa kwa sababu ya ng'ombe. Alikuwa anaumwa tangu masika, na alipoambiwa shamba limeliwa alisema ni afadhali, hana nguvu za kuvuna. Mimi nilikuwepo, wewe hukuwepo. Silisemi kukuumiza. Nalisema kwa sababu hakuna mwingine atakayethubutu kukwambia.

Nikamwambia Mzee Mashimba kwamba mama wa binti ameridhika, nami shangazi nimeridhika, na kwetu shangazi akikubali binti ameshaolewa nusu.

"Nusu nyingine iko wapi?" akauliza.

"Mpika," nikasema.

"Basi nitaingoja. Sipeleki ng'ombe kwenye nyumba ambayo mwenyewe amenikataa bila kuniona. Itakuwa nimemwibia mtoto."

Nilimbembeleza, na mimi si mbembelezaji. Nilimwambia wakubwa wa ukoo watapokea posa kwa niaba yako, mambo haya hufanyika. Akakataa kabisa. Ndivyo ulivyo na bahati, mdogo wangu. Umemtukana mtu katika barua, na yeye ndiye anayekulindia heshima yako.

Siku ya kurudi, tukiwa stesheni tunangoja treni, nilimuuliza Rosemery atafanya nini kama baba yake ataendelea kukataa. Nilitegemea jibu la jeuri, ndiyo damu yetu. Akasema, "Nitatii, shangazi." Halafu akaenda kutununulia maji ya njiani.

Hapo niliogopa kweli, Fulgensi. Mtoto anayesema atatoroka unajua pa kumtafuta. Huyu atatii. Atakuja Krismasi na zawadi mkononi, atakuamkia vizuri, atakuandalia chakula, na hutampata tena.

Watoto wote wanakusalimu, Paulina na Eliza wanasema uwaletee madaftari ya Zambia. Mzee Severini wa jirani anakusalimu, bado anasimulia ile safari yenu ya kuvua. Wifi anakusalimu sana, anauliza kama shuka alizokutumia zilifika. Nisalimie Evarist, mnayekaa naye nyumba moja, mwambie akukumbushe dawa ya mguu. Rosemery hakutuma salamu. Alisema akituma utadhani anakubembeleza.

Mungu akushike mkono huko ugenini, akupe moyo mwepesi na usingizi mzuri. Jibu la barua hii silitaki kwa posta. Chukua likizo, panda treni. Kama ni ndiyo, uje uiseme. Kama ni hapana, uje uiseme vilevile, mtoto akiwa mbele yako na wewe unamtazama usoni. Ukiiandika, itafika, nitaifungua nione kama u mzima, kisha nitaikunja. Mkeo haoni vizuri, na mimi sitamsomea.

Dada yako akupendaye hata anapogomba,

Kandida